Sifuri tisa

Kijana wangu amenikubalia kuandika haya kwa masharti matatu. Nisimtaje jina, wala nisimbandike jina la uongo, maana anasema jina la uongo ndilo huwafanya watu waanze kutafuta ni nani. Nisieleze habari za usiku mmoja wa Agosti. Na kabla sijaiweka hapa, asome yeye kwanza akiwa na kalamu nyekundu. Kwa hiyo mkiona mahali hadithi imekatika, jueni kalamu imepita.

Mnaonifahamu mnajua nina kibanda cha fotokopi Kisauni, Mombasa. Mashine mbili, moja nzima na moja ya kubembelezwa, kifaa cha laminesheni, na benchi la wanaosubiri kuandikiwa barua. Karatasi zote za mtaa hupita mikononi mwangu: vyeti vya kuzaliwa, talaka za Kadhi, matokeo ya KCSE, barua za kuachishwa kazi. Nimejifunza kutosoma. Mtu akileta karatasi ya hospitali naigeuza kifudifudi, nabonyeza, namrudishia. Ndiyo adabu ya kazi hii.

Januari 2025 akaja kijana mmoja nadhifu na flashi, anataka nakala 400 za fomu ya kurasa sita. Hiyo ni karatasi 2,400, rimu tano kasoro kidogo. Nikampunguzia hadi shilingi tatu kwa kopi, nikaipa kazi ile mashine nzima, na ile mashine nzima ikaamua siku hiyo ndiyo ya kuumwa. Karatasi ya kwanza ikakwama. Nikafungua tumbo la mashine, nikaivuta pole pole, na kwa kuwa ilikuwa imekunjamana nikainyoosha juu ya goti. Macho yakaangukia swali: "Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na kujisikia chini?"

Nikacheka kwa sauti. "Mwanangu, chini wapi? Chini ya kitanda?"

Akaona haya. Akasema ndivyo ilivyotafsiriwa. Nikamwambia mtu wa Kisauni ukimuuliza hivyo atakutazama, kisha atatia alama popote ili umwondokee. Akacheka na yeye, akaandika kitu kwenye simu, akaniomba namba yangu. Nikadhani ni adabu tu.

Lakini fomu yenyewe niliijua. Maswali tisa, kila moja na visanduku vinne, kuanzia 0 hadi 3, ukijumlisha yote unapata 27 kwa wingi. Inaitwa PHQ-9, ya kupima ugonjwa wa mfadhaiko. Ilitungwa na madaktari wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, na siku hizi huwezi kuingia kliniki ya akili usikutane nayo. Mimi nilikutana nayo nikiwa nimemshika mkono mtoto wa miaka 17 ambaye alikuwa hajaoga siku kumi na moja. Muuguzi aliyasoma maswali haraka haraka, na aliniuliza mimi. Mtoto amekaa hapo hapo. "Analala? Anakula?" Nami nikajibu, maana nilikuwa mama na nilifurahi kuulizwa kitu ninachokijua.

Jioni ile nikamsimulia kijana wangu kisa cha kujisikia chini. Nilitaka acheke. Wakati huo alikuwa na miaka 19, anakunywa dawa zake, anafanya kozi ya umeme wa magari, na kicheko chake nilikuwa nakiwinda kama mtu awindaye ndege.

Hakucheka. Akasema, "Hiyo nishawahi kuijaza."

"Najua, tulikuwa pamoja hospitali."

"Si hospitali. Shuleni. Kidato cha pili."

Basi ndipo nikasikia, miaka mitatu baadaye, kwamba walikuja watu darasani na fomu. Wanafunzi wamekaa wawili wawili kwa dawati kama kawaida. Waliambiwa ni siri, hawaandiki majina, ila waandike namba ya usajili ya shule. Mwalimu wa nidhamu alikuwa akitembea kati ya safu mikono nyuma, kama mtihani. Mwishoni kila mtu akapeleka karatasi yake mbele, wazi, juu ya meza.

"Nilijaza sifuri," akasema. "Zote tisa. Na niliyekaa naye akanitazamia, naye akajaza sifuri."

"Na wakati huo ulikuwa..."

"Nilikuwa sijalala kama mwezi, mama."

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Kuna kompyuta mahali fulani ambamo mwanangu ni mzima wa afya. Amehesabiwa, amejumlishwa na wenzake, ametolewa asilimia. Huenda daktari mmoja alisimama mbele ya wakubwa akaonyesha mchoro wenye mstari, na ndani ya mstari ule mlikuwa na sifuri tisa za mwanangu na sifuri tisa za jirani yake wa dawati. Hakuna aliyedanganya kwa nia mbaya. Wale watafiti walifanya kazi yao, na mtoto alijilinda. Hawakurudi kamwe kutuambia waligundua nini. Na hata wangerudi, wangetuletea uongo wa watoto wetu wenyewe, umepigwa chapa.

Miezi michache baada ya hapo aliacha kwenda shule.

(Hapa palikuwa na aya tatu. Zimekwenda.)

Yaliyobaki ni haya, na aliyaacha kwa sababu anasema ni yangu mimi. Nilianza na kombe. Ustadhi aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, tukaosha kwa maji ya waridi, akanywa. Nikaenda kwa mganga mmoja upande wa Likoni ambaye sitaki kumsema. Shemeji zangu wakasema ni bangi. Jirani akasema ni jini la kike. Mamangu, Mungu amrehemu, ndiye peke yake aliyekaa karibu naye mlangoni mwa chumba bila kusema ni nini. Alikuwa akichambua mchicha hapo sakafuni, kila siku saa kumi jioni, na wakati mwingine mlango ulikuwa ukifunguka kiasi cha upana wa mkono.

Yule kijana nadhifu alipiga simu baada ya wiki. Akaniita mama, akasema amemwambia mkubwa wake habari ya kujisikia chini, na mkubwa wake, daktari mmoja mwanamke, amesimamisha uchapaji. Wangependa niingie kwenye kikundi cha wazazi na vijana watakaokuwa washirika wa utafiti. Si kujaza fomu. Kuitengeneza.

Nikamwambia nitakuja, ila nina kijana wangu naye ana ya kusema, na huenda ana mengi kuliko mimi.

Kikao cha kwanza kilikuwa kwenye hoteli, ghorofa ya nne, kiyoyozi kama Ulaya. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchapa vibandiko vya majina, na nilikuwa nimeandika juu ya kila kimoja, kwa herufi kubwa, MSHIRIKI. Kijana wangu alikitazama chake, akachukua kalamu, akaigeuza ile I ya mwisho ikawa A. Mshirika. Msichana wa pembeni akakopa kalamu. Ilipofika saa nne nusu ya vijana walikuwa wamejisahihisha na yule daktari alikuwa amegundua, na kwa heshima yake nitasema kwamba alicheka, akaomba kalamu na yeye.

Lakini kubadilisha herufi ni rahisi. Tulikuwa wazazi tisa na vijana kumi na mmoja katika chumba kimoja, na kutoka saa nne hadi saa saba walioongea ni wazazi. Mimi mwenyewe niliongea sana. Baba mmoja, ndiye baba peke yake aliyekuja, alitumia dakika ishirini kueleza kwamba simu ndiyo iliyowaharibu watoto hawa. Mama mmoja wa Mtopanga alilia, tukamliwaza. Vijana walikuwa wakitazama ndara zao. Daktari akiwageukia na kuuliza, "Na nyinyi je?", wanasema, "Tunakubaliana."

Kwenye matatu ya kurudi kijana wangu aliegemea dirisha akasema, "Mama, mkiwa nyinyi mle ndani, sisi ni wale wale wa kujaza sifuri."

Nilikasirika. Nani aliyempeleka? Nani aliyekesha? Nikanyamaza hadi tuliposhuka, na nilikuwa bado nimekasirika wakati namenya viazi. Ila sikuweza kumwambia amekosea, maana nilikuwa nimemwona yule msichana wa miaka 16. Mamake alipokuwa akisimulia jinsi "tulivyoteseka", msichana alikuwa akikwaruza kibandiko chake kwa ukucha hadi jina likatoka.

Watu husema "familia na vijana" kwa pumzi moja, kama chai na mkate. Miongozo ya utafiti husema hivyo, na mashirika husema hivyo. Mimi nilikuwa nikisema hivyo. Lakini kile mama anachotaka utafiti umpatie, na kile mtoto anachotaka, mara nyingi vinapigana. Mimi nilitaka kuambiwa. Nilitaka fomu, mashine, sindano, chochote cha kunifungulia kichwa cha mwanangu nikaona kilichomo. Yeye alitaka mahali pa kusema kitu ambacho hakitafika jikoni kwangu. Wote wawili tulikuwa na haki, na mtafiti anayetuweka meza moja akasema amesikiliza familia, amemsikiliza mama.

Nilimpigia daktari nikamwambia hivyo, kwa maneno makali kidogo. Kikao cha pili tulikutana katika shule ya msingi, madarasa mawili, wazee huku na vijana kule, na mtu wa kubeba maneno baina yetu. Mbeba maneno alichaguliwa na vijana. Siku nayo ikahamishwa, kwa sababu asubuhi ya Jumamosi wengine wako madrasa na wengine masomo ya ziada, na hakuna aliyekuwa ameuliza.

Kulikuwa na fujo moja ya pesa na niipite haraka. Wazazi tulipewa shilingi elfu moja ya nauli, vijana mia tano. Eti wao ni watoto. Kijana mmoja wa Bamburi akasimama akasema kondakta haulizi umri. Ikarekebishwa siku hiyo hiyo.

Sasa maneno. Hapa ndipo nilipofurahi kama sijawahi kufurahi tangu nimalize shule. Kwa ugonjwa huu wa mfadhaiko wasomi walikuwa na neno unyogovu, ambalo mnalisikia kwenye taarifa ya habari. Mzee mmoja aliuliza kama ni aina ya uyoga. Dada mmoja aliyeolewa huku kutoka Tanga akasema kwao wanasema sonona, na ni neno zuri, lina mlio wa kitu kinachokula ndani kwa ndani, ila Kisauni hakuna anayelijua. Vijana wakaleta stresi. Lakini wao wenyewe wakalikataa, kwa sababu stresi ni kufeli hesabu, stresi ni kuachwa na mpenzi, stresi ni Arsenal. Neno la kila kitu halipimi kitu. Akina mama tukasema moyo mzito. Tukasema mtu "ana mawazo". Mtu wa Pwani ukimwambia fulani ana mawazo, hahitaji daktari kumfasiria.

Yule daktari akatusimulia habari za Harare, Zimbabwe. Mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alitaka kuanzisha huduma katika mtaa wa Mbare, na hakupewa vyumba wala wauguzi. Alipewa mabibi 14, wahudumu wa afya wa mtaa, na nafasi ya nje. Akaweka mabenchi, akataka kuyaita mabenchi ya afya ya akili. Wale mabibi wakamwambia hakuna mtu atakayekaa hapo akaonekana. Likaitwa Benchi la Urafiki. Tena hawakutumia neno la kidaktari; walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mawazo yetu yale yale. Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa katika jarida la JAMA la Marekani: watu 573 kutoka kliniki 24, na baada ya miezi sita, kati ya waliokaa benchini na kina bibi, waliobaki na dalili za mfadhaiko walikuwa asilimia 14 hivi, na kati ya waliopata huduma ya kawaida, asilimia 50.

Nilimkumbuka mamangu na mchicha wake. Yeye hakuwa na jarida.

Lakini nisiwaseme watafiti vibaya, maana kuna jambo walitufundisha na sikuwa nalijua. Sisi tulitaka kubadilisha kila swali. Daktari akasema polepole: fomu hii inatumika dunia nzima, na thamani yake ni kwamba alama kumi za Kisauni zilingane na alama kumi za kwingine. Ukilibadilisha swali likawa swali jingine, umeiharibu mizani. Kwa hiyo kuna utaratibu. Unatafsiri, kisha mtu mwingine asiyeiona fomu ya kwanza anairudisha ile tafsiri kwenye Kiingereza, na mnaziweka mbili pamoja kuona kilichopotea njiani. Kisha unamkalisha mtu, unamsomea swali, anajibu, halafu unamuuliza: wewe umeelewa nimekuuliza nini? Hiyo ya mwisho waliwapa vijana waifanye wao kwa wao, na yaliyotoka huko yangejaza kitabu.

Swali la saba linauliza kama unashindwa kutuliza akili, kwa mfano unaposoma gazeti au kutazama televisheni. Kijana mmoja akajibu "hapana kabisa". Kwa nini? "Sijawahi kusoma gazeti." Mwingine akasema anaweza kutazama video saa sita mfululizo, kwa hiyo akili yake imetulia, ingawa hawezi kueleza hata video moja ilihusu nini. Swali la tano ni la hamu ya chakula. Msichana akauliza: kama nyumbani hakuna chakula nijaze nini? Swali la sita linauliza kama unajiona umeshindwa au umeiangusha familia yako. Wote waliokuwa wamemaliza kidato cha nne bila alama za chuo kikuu walitia tatu. Wote. Si lazima wawe wagonjwa. Huenda wamesikiliza tu yanayosemwa mezani kwao.

Na kulikuwa na lile ambalo ninajivunia, kwa kuwa nililiona mimi. Walikuwa wamepanga kugawa fomu Machi. Nikawauliza, Machi ya mwaka huu? Tarehe mosi au tarehe pili tunaingia Ramadhani. Mnataka kumuuliza mtu aliyefunga, aliyeamka saa tisa usiku kula daku, kama wiki mbili hizi amekosa usingizi, kama amechoka, kama hamu yake ya chakula imebadilika? Mtaondoka hapa mkisema Mombasa nzima ni mgonjwa. Kukawa kimya. Kisha yule kijana nadhifu akafungua kalenda yake na kuanza kufuta. Ikasogezwa hadi baada ya Idi.

Swali la tisa niliogopa kulifika, na hapa pia naogopa.

Linauliza kama umewaza kwamba ni heri ungekufa, au kujidhuru. Upande wa wazazi tulilizunguka kama shimo. Yule baba wa simu akauliza, kwa sauti ya chini sasa, kama mtoto akijibu ndiyo atakamatwa. Halikuwa swali la kijinga. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kifungo hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025, siku chache kabla mashine yangu haijakwama, Mahakama Kuu Nairobi ilikuwa imesema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, katika kesi ambayo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa mmoja wa walioipeleka. Mle darasani aliyekuwa amesikia habari hiyo ni daktari peke yake. Miaka yote hiyo tulikuwa tukiuliza watu swali ambalo jibu lake la kweli lilikaa jirani na kosa la jinai, kisha tunashangaa sifuri.

Kwa upande wa vijana, yule mbeba maneno alituambia, hofu haikuwa polisi. Ilikuwa sisi.

Utaratibu ulikuwa kwamba kijana akijibu swali la tisa kwa alama yoyote isiyo sifuri, siri inavunjwa na mzazi anaitwa. Sisi wazazi tuliona ni sawa kabisa, tena tulitaka aitwe usiku huo huo. Vijana walisema basi hakuna atakayejaza. Kuna mtoto ambaye babake akiitwa atampiga. Yule msichana wa miaka 16 hakuruhusiwa hata kushiriki mwanzoni, kwa kuwa aliye chini ya miaka 18 ni mzazi anayetia sahihi idhini, na babake alisema nyumba yake haina kichaa. Kuna ambaye mama ndiye sababu. Daktari naye akasimama kwenye lake: hawezi kujua mtoto yuko hatarini akanyamaza, hilo halina mjadala. Tulibishana wiki mbili, karatasi zikienda na kurudi baina ya madarasa mawili kama barua za posa.

Jibu lilitoka kwa vijana. Mstari mmoja tu, ukurasa wa kwanza, kabla ya maswali kuanza: "Ikiwa tutaona uko hatarini, ungependa tumjulishe nani kwanza?" Na nafasi ya kuandika jina la mtu mzima, si lazima mzazi. Anayechaguliwa anapigiwa kwanza, na yeye ndiye anayekaa na kijana wakati wa kuamua mzazi aambiwe vipi. Kamati ya maadili ya utafiti ikaupitisha.

Wakaniletea nakala ya majaribio niitazame mpangilio. Kijana mmoja alikuwa ameijaza kuona kama nafasi inatosha. Nilikuwa nimeshaigeuza kifudifudi, kwa mazoea, kisha nikaigeuza tena ili nione kama mstari umekaa sawa. Mwandiko wa mwanangu naujua tangu alipokuwa akiandika herufi ya "b" kinyume. Kwenye nafasi ile alikuwa ameandika jina la shangazi yake, dada wa marehemu babake, anayeuza mahamri Kongowea.

Nilikaa na karatasi ile mpaka mteja akagonga meza kwa sarafu.

Mwanzoni nilisema moyoni kwamba ni zoezi tu, aliandika jina lolote. Sikumuuliza. Ilipita kama wiki, nikaenda Kongowea kununua nazi, nikapita kwa wifi yangu. Tukazungumza bei ya unga. Nilipokuwa nataka kuondoka nikamwambia, "Wifi, asante." Hakuuliza asante ya nini.

(Kalamu imepita hapa. Mistari minne.)

Aprili, shule zimefungwa, nikachapa nakala 400 mpya. Fomu zilikuwa za kurasa saba sasa. Zikagawiwa na vijana wenyewe, chini ya mwembe nje ya kituo cha jamii, viti mbali mbali, kila aliyejaza anatia karatasi kwenye bahasha na kuifunga kwa gundi kabla ya kuitumbukiza sandukuni. Hapakuwa na mwalimu wa nidhamu. Mwanangu alikaa kwenye meza ya bahasha siku nne. Matokeo bado, wamesema watayaleta barazani kabla hawajayapeleka kokote, na ahadi hiyo nimeipiga laminesheni nikaibandika ukutani kibandani ambapo kila mtu anaiona.

Fomu zilizojazwa zilihitaji kupigwa nakala ya akiba. Kopi 2,800 kwa shilingi tatu, shilingi 8,400, na mimi nilikuwa nimeshanunua wino. Kazi ikapelekwa duka moja la mjini. Nilipouliza, yule kijana nadhifu akajikuna kichwa akasema ni sharti lililotoka kwenye darasa la vijana, lilipitishwa na wote: fomu zilizojazwa zisipite kwa mtu yeyote anayejua majina ya watu wa Kisauni.

Jioni nikamuuliza mwanangu ni nani aliyelitoa wazo hilo. Alikuwa amelala kwenye mkeka, miguu ukutani, anakula boflo kavu. Jibu lake nililiandika hapa neno kwa neno. Amelikata.